Mkeka wa Mgeni Asiyefika

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa mashua, na nyumbani kwetu palikuwa na mkeka mmoja uliokunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango, ambao hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuulalia. Uliitwa mkeka wa mgeni. Mwaka ukipita salama ulitandikwa mara tatu au nne. Siku nyingine zote ulisimama pale ukikusanya vumbi, nasi watoto wanne tukibanana juu ya mkeka mmoja uliochanika pembeni. Siku moja nilimuuliza mama kwa nini kitu kisichotumika kipewe nafasi katika nyumba isiyo na nafasi. Akanijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiupeta: "Mwanangu, mgeni hapigi hodi akangoja tusuke mkeka."

Nimelikumbuka jibu hilo baada ya zaidi ya miaka hamsini, nikiwa mbele ya kompyuta. Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisikia nikizungumzia vina na mizani. Leo naomba mnivumilie nizungumzie mashine. Nitarejea kwenye lugha, kwani nilipotea huku na nikajikuta nimerudi huko huko.

Nilipostaafu ualimu wa sekondari, wanafunzi wangu wa zamani walinichangia kompyuta mpakato. Ndugu zetu wa Kenya wangeiita tarakilishi, na wapo waitao ngamizi. Majina yote matatu ni yetu, na wala sioni haja ya kulitupa hata moja. Ilikuwa mashine ndogo, diski yake gigabaiti 32 tu, na mjukuu wangu aliiwekea mfumo endeshi uitwao Debian, ambao hutolewa bure na jumuiya ya watu wa kujitolea waliouanza mwaka 1993. Kwa kuandika mashairi na kusoma barua, ilinitosha na kubaki.

Mambo yaligeuka nilipotoa sandukuni kanda tano za kaseti. Mwaka 1987, nikiwa mwalimu kijana niliyekuja likizo, nilimkalisha baba barazani nikamnasa kwa redio-kaseti akighani tungo zake. Baba hakuwahi kuandika hata ubeti mmoja. Tungo zake zote zilikuwa za baharini, zimejaa maneno ya chombo: omo na tezi, joshi na demani, foromali na ngama. Alifariki miaka michache baadaye, na kanda zile ndizo pekee zilizobaki na sauti yake. Kanda za sumaku hazidumu. Utepe hukakamaa, ule unga ulioshika sauti hubanduka, na kila mwaka unaopita hupunguza kitu. Dada yangu mkubwa, ambaye sasa yu katika miaka ya themanini, aliniambia: "Mdogo wangu, mimi nataka kumsikia baba kabla sijamfuata." Nikanunua kichezeo cha kaseti chenye waya wa kuchomeka kwenye kompyuta, nikaanza kuhamisha.

Hapo ndipo hesabu iliponikabili. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa kipimo cha santuri za CD, huchukua takriban megabaiti 635. Nilitaka kuhifadhi bila kubana, kwa kuwa sikutaka hata pumzi ya baba ipotee. Kanda mbili za kwanza ziliingia. Ya tatu haikupata mahali, kwa kuwa diski ilikuwa imejaa.

Mjukuu wangu alipokuja kunitembelea tulikagua pamoja kilichoijaza. Tukakuta kabrasha lenye maelfu ya faili ndogo ndogo, na jingine kando yake lililokuwa zito zaidi. Nikamuuliza haya yote ni ya nini.

"Ni viendeshi, Babu. Na hizi nyingine ni programu ambazo vifaa hulishwa vinapoamka."

"Vya vifaa gani?"

"Vya vifaa vyote. Kadi za mtandao, printa, kamera, vifaa vya sauti, hata mashine ambazo mimi na wewe hatutaziona maishani."

Niliudhika, nakiri. Nikamwambia kuwa mimi sina kamera, sina printa, na mtandao wangu ni mmoja. Kwa nini nibebeshwe mizigo ya dunia nzima? Akacheka, akasema: "Babu, hivi vikilala havili chochote isipokuwa nafasi. Viache." Kesho yake akarudi chuoni.

Sikuviacha. Nilikuwa nimemwona jinsi anavyofungua mlango wa msimamizi wa mfumo, nikaiga amri zake kama mwanafunzi anayenakili hesabu asiyoielewa. Nikafuta kabrasha la vifaa vya sauti vya kuchomeka, nikafuta la mitandao, nikafuta karibu lile lote zito. Nilipata karibu gigabaiti moja. Siku ile kompyuta iliendelea kufanya kazi bila kulalamika, nami nikalala nikijisifu kuwa nimewashinda wataalamu kwa akili ya kawaida.

Asubuhi niliiwasha. Mtandao haukuwepo. Nilichomeka kichezeo cha kaseti, taa yake ikawaka, lakini kompyuta ikawa kama mtu aliyeitwa kwa lugha asiyoijua. Nikajaribu kuipatia mtandao kutoka kwenye simu kwa waya, kama nilivyoelekezwa zamani. Haikuiona hata simu, kwani kiendeshi cha kuunganisha mtandao kwa waya wa simu nacho nilikuwa nimekifuta. Ili nipakue vile nilivyovitupa, nilihitaji mtandao. Ili nipate mtandao, nilihitaji vile nilivyovitupa.

Mjukuu alikuwa na mitihani, akaniahidi kuja baada ya wiki tano. Laiti ningalingoja. Dada alikuwa akiuliza kila Ijumaa, nami nikaona aibu kumwambia kuwa nimeiharibu mashine kwa mikono yangu. Nikatoa ile redio-kaseti ya zamani iliyokuwa juu ya kabati, nikaipangusa vumbi, nikamwalika Dada, nikatia kanda ya tatu. Tulimsikia baba kwa dakika kama ishirini. Dada alifumba macho, akawa anatikisa kichwa kwa kila kituo. Kisha sauti ikaanza kulegea, ikazama, ikawa ngurumo. Nilipofungua mlango wa redio nilikuta utepe umezongwa kwenye magurudumu, umekunjika na kukatika mahali pawili.

Nimeupindisha, nimeuunga, nimefanya kila nililoweza. Kipande cha urefu wa kiganja kimetoweka kabisa, na kilicho jirani yake ni kukoroma tu. Kilichopotea ni ubeti wa mwisho wa utungo mrefu kuliko zote alizonighania.

*

Mjukuu alifika kama alivyoahidi. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenigombeza. Alikuwa ameupakua mfumo mzima mjini na kuutia kwenye flashi. Akaihifadhi kazi yangu pembeni, akausimika upya, na kabla hatujamaliza kunywa chai mtandao ulikuwa umewaka. Akachomeka kichezeo cha kaseti. Hakuweka santuri, hakutafuta programu yoyote, hakuandika amri. Kompyuta ikakitambua papo hapo.

Nikamwomba anifundishe kama ninavyofundishwa mimi, tangu alifu. Nitakachoeleza hapa ni somo lake, pamoja na niliyojisomea baadaye.

Kiini cha mfumo endeshi hakijui kuzungumza na kila kifaa. Kadi ya mtandao ina lugha yake, na printa ina yake. Kiendeshi ni mkalimani anayekaa kati. Sisi tumekwisha kuwa na neno dereva kwa mtu wa gari, na vijana mjini husema draiva kwa programu hii, ingawa kazi yake haifanani sana na ya mshika usukani. Ningepewa nafasi ya kuliita upya, ningeliita mkalimani. Katika kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, wakalimani hao ni zaidi ya nusu ya mistari yote ya programu. Mashine moja huwatumia wachache tu miongoni mwao.

Je, waliobaki wanafanya nini? Wanalala. Kifaa kikichomekwa, jambo la kwanza hujitambulisha kwa namba mbili: ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Kila namba ina nafasi 65,536. Mfumo huitazama orodha yake, humpata mkalimani anayezijua namba hizo, humwamsha huyo peke yake na kumpandisha kwenye kumbukumbu ya kazi. Wengine hubaki diskini kama maneno yaliyomo katika kamusi iliyofungwa kabatini. Hawaipunguzii mashine kasi hata chembe. Ndiyo maana pia siku ile niliyofuta hakuna kilichosimama: waliokuwa macho walikuwa wamekwisha kupanda kumbukumbuni, na msiba ukangoja asubuhi.

Kisha akaniambia jambo lililonifanya niweke kikombe chini. Vifaa vya USB, vilivyoanza mwaka 1996, havisemi majina yao tu, bali husema pia aina yao. Sauti ni aina namba 1. Kibodi na vipanya ni namba 3. Printa ni namba 7, na vifaa vya hifadhi kama flashi ni namba 8. Kifaa kikisema, "Mimi ni wa aina ya kwanza," mfumo hauhitaji kumjua aliyekitengeneza wala mwaka kilipotoka kiwandani. Kiendeshi kimoja cha sauti huwahudumia wote wanaofuata kanuni za aina hiyo, hata waliotengenezwa baada ya kiendeshi chenyewe kuandikwa. Wachache wasiotaka kuingia katika aina yoyote hutumia namba 255, yaani kila mmoja na mambo yake, na hao ndio wanaohitaji mkalimani maalumu.

"Mjukuu wangu," nikasema, "hizo ni ngeli."

Akanitazama asielewe. Nikamwambia: neno kompyuta lilipoingia katika Kiswahili, lilitoka wapi halafu likawekwa wapi? Halikuundiwa sarufi mpya. Tulisema kompyuta hii, kompyuta zangu, kompyuta imeharibika. Ngeli ya I-ZI ilikuwa imekwisha kutandikwa, ikingoja. Iliipokea redio, ikaipokea baiskeli, ikaipokea kaseti, na bado ina nafasi kwa wageni ambao wazazi wao hawajazaliwa. Mtoto wa miaka minne hupatanisha neno alilolisikia dakika hii kwa viambishi alivyokuwa navyo kabla ya kulisikia. Lugha isingekuwa na akiba hiyo, kila neno geni lingebaki mlangoni likisubiri tusuke mkeka.

*

Basi kwa nini waundaji wa mifumo hutujazia tusivyoviomba? Nimezipata sababu nne, nami naona zote zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba anayetunga mfumo hamjui atakayeutumia. Nakala ni moja kwa mamilioni ya mashine zisizofanana. Mwandishi wa kamusi hamwulizi msomaji maneno atakayoyahitaji mwaka ujao kabla ya kupiga chapa. Simu zetu nyingi za mkononi zimefuata njia nyingine: mfumo wake huundwa kwa ajili ya modeli moja tu na kubeba kile inachohitaji. Ni mwepesi, ni nadhifu, na hauwezi kuhamishiwa simu nyingine. Mtengenezaji akichoka nao, umekwisha. Diski ya kompyuta yangu, kinyume chake, ingeweza kutolewa katika mashine iliyokufa na kutiwa katika nyingine ya namna tofauti, na mara nyingi ikaamka na kujitafutia wakalimani wake yenyewe. Kwa sisi tunaotengeneza na kurithisha kuliko kununua vipya, hilo si jambo dogo.

Ya pili ni ile niliyoifunzwa kwa maumivu: kifaa cha kwanza kuhitajika ni kile kinacholeta vingine. Kwa miaka mingi jumuiya ya Debian ilijizuia kuweka katika nakala zake rasmi za kusimika zile programu za ndani za vifaa ambazo wenyewe hawakuziachia huru. Kilikuwa kizuizi cha kanuni, na kanuni yenyewe ilikuwa ya heshima. Lakini watu wengi walisimika mfumo wakakuta kadi zao za mtandao zimenyamaza, na dawa ya kuziamsha iko huko huko mtandaoni. Mwaka 2022 wanajumuiya walipiga kura, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, likawa la kwanza kuzibeba ndani ya nakala rasmi. Ndilo toleo aliloniletea mjukuu. Mwenye mtandao wa kasi nyumbani anaweza kusema, "Nipe kidogo, nitapakua nikihitaji." Aliye kijijini, anayenunua bando la siku moja, hana anasa hiyo. Anayedhaniwa kubebeshwa mzigo ndiye mara nyingi unaomwokoa.

Ya tatu ni utunzaji. Sehemu za ndani za kiini cha Linux hubadilika mara kwa mara, na anayebadilisha sehemu moja hulazimika kurekebisha viendeshi vyote vilivyomo vinavyoigusa. Kilichokaa pamoja hurekebishwa pamoja. Kilichoachwa nje, katika santuri ya mtengenezaji, huchakaa peke yake. Wenye umri wangu watakumbuka zama za santuri na disketi zilizokuja na kila kifaa. Kabla ya hapo, enzi za DOS, programu ya uandishi kama WordPerfect ililazimika kubeba viendeshi vyake yenyewe vya mamia ya printa, kwa kuwa mfumo haukubeba jukumu hilo. Santuri ikipotea, na kifaa kimekufa kingali kizima. Windows 95 ilipokuja na wazo la kuchomeka na kutumia, ilikuwa ikiahidi kwamba mwenyeji ndiye atakayejiandaa, si mgeni.

Ya nne ni wakati. Kichezeo changu cha kaseti ni kifaa ambacho karibu hakuna anayekihitaji leo. Kama mfumo ungepimwa kwa wingi wa watumiaji, vifaa vya watu kama mimi vingetupwa wa kwanza. Lakini wachache hao ndio wenye kanda za baba zao.

*

Mwalimu asiyesema upande wa pili hafai ubao. Akiba ina gharama, na mjukuu alinionya nisihame kutoka kosa moja hadi jingine.

Kitu kilicholala si sawa na kitu kinachokesha bila kazi. Mwaka 2021 uligunduliwa udhaifu mkubwa katika huduma ya uchapishaji ya Windows, ukapewa jina PrintNightmare. Huduma ile huwa macho tangu kompyuta inapowashwa, hata katika seva ambazo hazijawahi kuunganishwa na printa, na wavamizi waliweza kuutumia mlango huo. Hapo lawama haikuwa juu ya mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango. Ilikuwa juu ya mlango ulioachwa wazi usiku kucha kwa ajili ya mgeni ambaye hakualikwa. Watunza mifumo wenye busara huzima wasivyovihitaji, na wanafanya sawa.

Tena, kutunza hakumaanishi kutunza milele. Kiini cha Linux chenyewe kiliandikwa mwanzoni kwa ajili ya vichakato vya Intel 386, na bado toleo la 3.8 la mwaka 2013 liliacha kuvitumikia, kwa kuwa mzigo wa kuvibeba ulizidi faida. Walikitoa kitu kilichokuwa utoto wao wenyewe. Ila walikitoa wakijua ni nini, baada ya kujadiliana, na kumbukumbu yake imeandikwa. Mimi nilifuta nisichokijua jina, usiku, peke yangu, kwa kuwa nilikuwa na haraka na nafasi. Na kama nafasi ndiyo iliyokuwa shida, flashi moja ya bei ndogo ingelimaliza jambo.

Lakini kosa hilo halikuwa la kwanza. Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo, na nimechelewesha kwa kuona haya.

Mwaka 1994 niliandaa orodha ya msamiati kwa wanafunzi wa kidato cha tatu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na ukurasa mzima wa maneno ya vyombo vya baharini, yale yale ya baba. Karatasi za kudurusu zilikuwa adimu. Nikaupitia mtihani wa taifa wa miaka kadhaa nyuma, nisione hata neno moja la chombo, nikaung'oa ukurasa ule. Darasani alikuwepo kijana mmoja mwana wa mvuvi. Alipoipokea orodha aliigeuza mbele na nyuma, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona maneno ya kwetu hayamo?"

Nikamjibu: "Hayatahiniwi, mwanangu."

Aliketi. Sikumbuki kama aliwahi kuninyooshea mkono tena. Nilifundisha miaka mingi baada ya siku ile, na orodha ile niliitumia karibu yote. Kwa hiyo wapo mamia ya watu wazima leo waliopita mikononi mwangu ambao wakisikia methali ya wahenga, "Wenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," watahisi utamu wake tu wasiuone. Hawajui kwamba omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma yake, na kwamba ngama ni pale chini ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika na kila mtu hulazimika kurudi kuyakumba. Mkalimani wa methali hiyo nilimtupa mimi. Methali ikichomekwa, taa yake huwaka, lakini hakuna sauti.

Sisemi kila mtoto akariri jina la kila kamba ya jahazi. Ninachosema ni kwamba kutotumika leo si ushahidi wa kutohitajika. Kipimo cha mtihani kilikuwa kipimo cha kile kinachoulizwa mwaka huu. Lugha hupimwa kwa kile kitakachoulizwa na mtu ambaye hatujamwona.

*

Kanda zote tano sasa zimehamishwa, na nakala ziko mahali patatu. Dada amezisikiliza zote. Tulipofika penye pengo la kanda ya tatu alininyamazisha kwa mkono, akaanza kuughani mwenyewe ubeti uliopotea, kwa sauti yake nyembamba, akifuata mahadhi ya baba. Alipata mshororo wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Wa nne haukuja. Alijaribu mara tatu, kisha akasema: "Ulikuwa na neno la foromali. Naliona, lakini halishuki." Nimeiandika mishororo ile mitatu kwenye daftari, na chini yake nimeacha mstari mtupu. Kama yupo msomaji wa ukurasa huu aliyemsikia mzee huyo akighani katika vijiji vya pwani ya Tanga, namngoja.

Wiki iliyopita nimeanza kuuandika upya ule ukurasa wa 1994. Nimefikia maneno arobaini na saba, mengi yametoka kinywani mwa Dada. Nitauleta hapa ukikamilika, naomba mniongezee ya kwenu. Kwa leo nawaachia beti mbili, si za baba, ni zangu mimi mkosaji:

Ghala nilipopunguza, nikatupa vya ghalani,
Mgeni kaniuliza, nilalie kitu gani?
Jibu likanitatiza, macho yakashuka chini:
Akiba haijaoza, ingawa haijaitwa.

Neno lisilotumika, limelala kamusini,
Siku likihitajika, litapanda ulimini,
Wajao watalishika, liwafae safarini:
Akiba haijaoza, ingawa haijaitwa.